Niliuliza Magunia Mangapi

Ukuta wa nje wa stoo yangu, sokoni Mpanda, umejaa mistari ya mkaa. Mgeni akipita hudhani ni hesabu ya magunia, na hakosei sana, maana ndivyo tunavyohesabu magunia yakipanda garini: mistari minne inasimama, wa tano unalazwa juu yake, hilo ni fungu moja. Lakini magunia yanahesabiwa ukuta wa ndani. Ukuta wa nje ulikuwa wa viongozi.

Ilianza kama mzaha. Barazani kwangu anakaa fundi cherehani, mwanaume mwembamba mwenye futi shingoni na redio miguuni. Redio ikitangaza janga mahali fulani nchini, mafuriko, au soko limeungua, au kilima kimeshuka juu ya nyumba za watu, mimi nachukua kipande cha mkaa kwenye jiko la chai. Mstari mmoja, saa moja. Nachora, usiku nalala, asubuhi nafidia za usiku, mpaka redio iseme kiongozi mkubwa amewasili eneo la tukio, amevaa buti, anatoa pole. Hapo nafunga hesabu. Nahesabu mara mbili, maana mimi hata njiti za kiberiti kipya nahesabu mara mbili. Halafu natoa hukumu.

Nimenunua na kuuza mpunga miaka ishirini na miwili. Makuli wa soko wananiita shangazi, na wakiniita hivyo wanajua wataambulia maneno. Hukumu zangu walizipenda kuliko taarifa yenyewe. Kuna kiongozi alikula ukuta mpaka kwenye bawaba za mlango. Makuli walikuwa wanampitia na magunia mabegani wanamsalimia: "Shikamoo mheshimiwa, bado uko njiani?"

Na kwa kuwa sisi ni watu wa soko, hata hizo saa tulikuwa tunazipatania.

"Mpunguzie kumi, shangazi," kuli mmoja anasema. "Barabara ya kule mbovu."

"Ana helikopta. Helikopta inakanyaga tope?"

"Basi tano. Kulikuwa na mawingu."

"Mbili nakuachia. Ya mswaki na ya kuvaa buti."

Fundi ndiye alikuwa hakubali. Sio kwamba aliwatetea wakubwa, hapana. Yeye ni mtu wa vipimo, hawezi kukata kitambaa bila kujua futi inaanzia wapi. "Unaanza kuhesabu lini?" alikuwa ananiuliza. "Maji yalipoingia, au mtu alipoambiwa kwamba maji yameingia? Hizo ni nguo mbili tofauti."

Mimi nilikuwa nasema maji yalipoingia. Mkubwa ana watu, ana simu, ana magari. Kutokujua ni kosa lake. Fundi anasema huwezi kumhukumu mtu kwa saa ambazo hakuwa na habari. Tuliligombania hilo miaka miwili, yeye akishona, mimi nikipima, hakuna aliyeshuka hata shilingi. Wateja walikuwa wanatusubiri tumalize.

Sasa nieleze kitu kimoja cha biashara yetu, kwa sababu bila hicho hutanielewa.

Masika yakianza, bei ya mpunga inapanda, na wakulima waliobakiza magunia ya mwaka jana ndio wanaanza kupiga simu. Hawasemi "nauza". Wanasema: "Njoo haraka, barabara inafungwa. Njoo leo, maji yanakuja." Mnunuzi mgeni anakurupuka, anakodi gari, anafika akihema. Akishafika na gari la kukodi amekwisha. Mwenye mpunga anakaa kwenye kigoda anakuangalia tu, anajua huwezi kurudi mtupu. Nimefanyiwa hivyo mara mbili nikiwa mdogo kwenye kazi. Ya pili nilijiapiza. Tangu hapo kanuni yangu, na wenzangu wengi sokoni wanayo, ni hii: mwache apige mara tatu. Simu ya kwanza unasema nakuja, unaendelea na chai. Ya pili unauliza magunia mangapi. Ya tatu ndiyo unakwenda, kwa sababu mtu anayepiga mara tatu ana shida kweli, na mwenye shida hapandishi bei.

Nimeiandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Nilikuwa naifundisha kwa watu.

Mwanamke mmoja wa bondeni, huko kwenye mashamba ya mpunga upande wa Kakese, nilikuwa nanunua kwake kwa miaka saba. Mjane, anaishi na baba yake mzee ambaye mguu wake mmoja haufanyi kazi. Ni mpatanaji hodari. Tukikutana mimi na yeye, watu wanasogea kusikiliza. Aliwahi kuniambia maji yanakuja, nikafika, nikakuta vumbi. Tulicheka wote wawili na akaniuzia kwa bei yake.

Jumatatu ile redio ilikuwa inatangaza maporomoko ya mkoa mwingine kabisa, mbali na sisi. Nilikuwa ukutani tangu asubuhi, nimefika fungu la sita, makuli wamenizunguka, chai yangu iko juu ya ndoo. Simu ikaita, ni yule mjane wa bondeni. Saa mbili kamili asubuhi. Naijua kwa sababu redio ilikuwa inapiga milio ya saa.

"Dada, maji yameingia. Njoo na gari."

"Nakuja, mdogo wangu," nikasema, nikarudi kwenye mkaa.

Fundi akaniuliza nani. Nikamwambia mpunga. Makuli wakacheka, maana kanuni wanaijua. Mmoja akanyoosha kidole kimoja juu: bado mbili.

Saa nne akapiga tena. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele, nikadhani upepo.

"Dada, mzee yuko juu ya kichuguu. Tumempandisha na magunia. Mimi niko huku shuleni na watoto wa jirani, siwezi kurudi kwake. Gari liko wapi?"

Nikamuuliza, "Magunia mangapi?"

Akasema, pole pole, kama mtu anayemjibu mgonjwa: "Manne, dada."

"Haya, nakuja."

Nilikata simu, na nakumbuka nilichofikiri. Nilifikiri: manne ni machache kwa lori zima la Fuso, nitafute na jirani zake. Neno "kichuguu" lilipita masikioni mwangu kama jina la kituo cha basi. Neno "magunia" ndilo lililobaki. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda, na kila nikirudia, sentensi ni ile ile: mzee yuko juu ya kichuguu. Aliisema kwa Kiswahili, na mimi Kiswahili nakijua.

Simu ya tatu iliingia saa saba mchana. Iliita mara mbili ikakatika kabla sijapokea. Nilipiga, haipatikani. Basi kanuni ikawa imetimia. Nikamwita dereva wa Fuso, tukapakia magunia matupu na kamba, na mizani yangu ya chuma nikaifunga nyuma ya kebini ya dereva isigongwe. Tuliondoka saa nane. Barabara kavu ni mwendo wa saa moja. Siku ile ilikuwa saa mbili.

Tulipopita nyumba za mwisho nilikuwa bado nahesabu kichwani: manne yake, pengine sita kwa jirani. Halafu barabara ikashuka kidogo na dereva akashika breki bila kuambiwa.

Bonde halikuwepo.

Sijui niseme vipi. Mahali pale nimepita zaidi ya mara mia, najua mti gani uko wapi. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, kutoka barabarani mpaka vilima vya ng'ambo, na juu yake vinaelea vitu ambavyo si vya kuelea: mlango, hori la kulishia ng'ombe, paa zima la nyasi limekaa kama kofia. Nyumba nilizozijua nilianza kuzihesabu. Nilipata tatu. Nikahesabu tena, nikapata mbili, kwa sababu moja ilikuwa imeanguka nikiwa nahesabu. Haikupiga kelele. Ilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Dereva akasema, "Mama, hii ndiyo ile 'maji yameingia' ya wakulima?"

Mdomo ulikuwa mkavu, na maji yote yale mbele yangu.

Vichuguu vya bonde lile ni vikubwa, vingine vina miti juu yake, na siku ile ndivyo vilikuwa visiwa. Nilitafuta mtu juu yake. Kimoja kilikuwa na mbuzi. Kimoja kilikuwa na magunia manne.

Manne. Nilihesabu mara mbili. Na hapakuwa na mtu.

Nilikaa chini barabarani. Nilianza kusema peke yangu, saa ngapi, saa ngapi, dereva akadhani namuuliza wakati, akaniambia saa kumi.

Ni yeye aliyeniinua na kuniongoza mpaka shuleni, pale palipoinuka. Darasa moja lilikuwa limejaa watu na kuku. Mzee alikuwa ndani, kalazwa kwenye mikeka, kafunikwa shuka mbili, anatetemeka, mzima. Vijana wa Kisukuma, wafugaji wa upande wa juu, walikuwa wameingia majini na maksai wao mchana ule. Maksai wanaogelea, sikulijua hilo. Walimfunga mzee kwa kamba ya jembe juu ya mgongo wa dume mmoja, wakashika mkia, wakavuka. Magunia waliyaacha. Nao ndio watu ambao mimi kule sokoni nilizoea kuwapimia kwa ukali zaidi, kwa kuwa niliambiwa hawajui hesabu.

Yule mjane alikuwa mlangoni, nguo imemgandia mwilini. Aliniangalia, halafu akaangalia nyuma yangu, kwenye Fuso. Mizani ilikuwa inaonekana vizuri kabisa, imesimama nyuma ya kebini, imefungwa kwa uangalifu.

"Umekuja na mizani," akasema.

Nikageuka, nikaitazama na mimi.

"Haya. Yako manne, yale pale. Nenda ukapime."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua pa kushika. Niliingia kwa mzee, nikapiga magoti, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kama vile nimemtembelea sikukuu. Akaniambia kutoka kichuguuni barabara ilikuwa inaonekana. Hakuwa na saa, kwa hiyo alihesabu magari yaliyosimama kuangalia maji na kugeuza. Na kule juu hakuwa peke yake. Kulikuwa na nyoka, naye kakimbia maji, kajikunja upande wa pili wa magunia. "Tuliheshimiana," akasema. "Nilihesabu magari tisa, mwanangu. Binti yangu aliniambia umesema unakuja. Kila likija nasema hili ndilo la mpunga. La tisa lilipogeuza nikaacha kuhesabu."

"Nikaacha kuhesabu." Maneno hayo nilitoka nayo nje. Nikamwita dereva.

Siku ile na iliyofuata Fuso ilibeba watu, magodoro na maji ya kunywa, na mizani niliishusha nikaiacha chini ya mti wa shule. Sisemi hivyo nisifiwe. Subiri usikie nilivyosifiwa.

Jumatano saa tano asubuhi kiongozi akafika. Kiongozi mkubwa, wa kitaifa, msafara wa magari kumi na nne, kumi na nne tena nilipohesabu mara ya pili. Buti mpya. Maji yalikuwa yameingia bondeni Jumatatu alfajiri, saa kumi na moja. Basi nilishapiga hesabu kabla hajashuka garini: saa hamsini na nne. Mkono ulikuwa unatafuta mkaa wenyewe.

Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alitoa pole. Alisema taarifa ilimfikia Jumanne saa mbili asubuhi, akaacha kila kitu. Watu waliguna. Nami nikaguna, halafu nikairudia ile saa kichwani.

Jumanne saa mbili. Kwangu ilifika Jumatatu saa mbili. Siku nzima kabla yake. Wenye magari tisa waliona maji tu, wakageuza; habari ya watu wa bonde lile iliingia mjini kwa simu, ikakutana na mimi, ikaishia kwangu. Pale sokoni kulikuwa na makuli thelathini, pikipiki, magari, redio, watu wenye namba za kila mtu. Fundi aliniuliza nani, nikasema mpunga. Ningesema maji, mji mzima ungejua kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta nahesabu ucheleweshaji wa mtu mwingine, na ucheleweshaji wa huyu wa leo nilikuwa nimeushika mkononi, pamoja na mkaa.

Kisha kiongozi akauliza kwenye kipaza sauti: "Nani alikuwa wa kwanza kufika kuwasaidia?"

Yule mjane akasimama. Nilijua sasa ndiyo. Nilivuta kanga kichwani.

"Wa kwanza ni hawa vijana wa maksai," akasema. "Na kutoka mjini, wa kwanza ni huyu dada hapa. Alikuja na Fuso siku ile ile."

Watu wakapiga makofi. Nikaitwa mbele. Kiongozi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema huu ndio moyo tunaoutaka, huyu mama hakusubiri kuambiwa mara mbili. Hakika alisema hivyo. Picha zikapigwa. Nimewahi kuziona: mwanamke anayetazama chini, mtu anaweza kusema ni mnyenyekevu.

Msafara ulipoondoka nilimfuata yule mwanamke. "Kwa nini umefanya hivi?"

"Nimedanganya wapi? Kuna mtu wa mjini aliyekutangulia?"

"Hakuna."

"Basi. Hesabu mwenyewe." Akainua ndoo yake akaondoka.

Nilirudi sokoni Alhamisi. Makuli walikuwa wameiona picha, wamenichongea mkaa mpya. "Shangazi wa taifa! Njoo umchore mgeni wetu! Ngapi?"

"Hamsini na nne," nikasema. "Kwa hesabu yangu. Kwa hesabu ya fundi, tangu alipoambiwa, ishirini na saba."

Fundi akaacha kushona. Katika miaka miwili sikuwahi kuitamka hesabu yake kwa mdomo wangu.

Nikachora hizo hamsini na nne, na fundi akanisimamia. Chini yake nikachora nyingine. Nane, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kuli mmoja akaniuliza hizi za nani, ndogo hivi, huyu anastahili zawadi.

"Huyu anakaa mwendo wa saa moja," nikasema. "Aliambiwa mwenyewe, kwenye sikio lake. Akauliza magunia mangapi."

Walijaribu kupatana. Ndio kawaida yao, na nadhani walitaka kunihurumia. Mpunguzie mbili za tope. Mpunguzie moja ya kutafuta dereva. Nilikataa zote. Fundi alikuwa ananiangalia tu. Baadaye aliukata uzi kwa meno, akasema, "Nane hizo ni kwa futi yangu. Kwa futi yako, tangu maji yalipoingia, ni kumi na moja." Nikaongeza tatu.

Sijachora tena kiongozi. Sio kwamba nimewasamehe. Hamsini na nne ni nyingi na zitabaki nyingi. Lakini nikishika mkaa, macho yanakwenda kwenye ule mstari wa chini.

Masika haya yaliyopita, asubuhi moja, simu iliita. Ni yeye. Hatukuwa tumezungumza tangu mavuno.

"Dada, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu." Akakata.

Niliacha chai. Sikutafuta Fuso, nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, na nilipopita mbele ya baraza nilimpigia kelele fundi: "Bondeni wameniita, waambie watu!" Nilifika nimejaa tope mpaka kwenye nyusi. Wamejenga juu sasa, karibu na shule. Hakukuwa na maji. Hakukuwa na kitu. Mzee alikuwa kwenye kigoda mlangoni, na binti yake amesimama kando ameshika simu, anaitazama.

"Umetumia saa moja na robo," akasema.

"Kuna nini jamani? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Mzee alitaka kujua."

Mzee akaitikia shikamoo yangu, akalitazama tope langu lote, akatikisa kichwa. "Barabara inapitika. Ungefika kwa saa moja."

"Baba, kulikuwa na ng'ombe barabarani. Nipunguzie hiyo robo."

"Ng'ombe wale niliwaona nikiwa hapa," akasema. "Dakika tano."

Nilianza kubisha. Yule mwanamke akanisogezea kigoda, na nyuma yangu, kutoka mjini, nikaanza kusikia pikipiki za watu wa soko zinakuja. Nilizihesabu kwa mlio wake tu. Nne. Nikasikiliza tena. Sita.